Sakwe sakwe, soma

Kama unakaa karibu na Ziwa Kivu, punguza kidogo sauti ya redio yako na ufungue dirisha. Saa hizi wavuvi wa sambaza wanaingia kazini. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imeshikanishwa kwa miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma, na giza likianza kuingia huwaoni watu tena, unaona taa tu na kusikia wimbo. Mmoja anaanzisha, wote wanaitikia, na makasia yanakwenda na kiitikio. Kwa Kinyarwanda kazi ya yule wa kwanza tunaiita gutera, na kazi ya wale wengine tunaiita kwikiriza. Gutera ndilo neno hilohilo la kupanda mbegu na la kurusha jiwe. Nyimbo hizo nimezisikia tangu utoto, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba anayeanzisha, hata awe na sauti ya namna gani, hawezi kuivusha mitumbwi mitatu peke yake.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kuitikia. Sisemi kuitikia wimbo, nasema kuitikia maandishi: mtu anapokuletea shairi lake au hadithi yake, wewe unafanya nini?

Mtu akitunga shairi siku hizi hapa Rubavu hangoji mpiga chapa. Analiandika kwenye simu akiwa kwenye foleni ya bariyeri ndogo ya kuvukia kwenda Goma, au amekaa juu ya gunia la vitunguu akisubiri mteja, analituma kwenye kundi la waandishi wenzake, na kabla hajairudisha simu mfukoni limekwisha kufika Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, na kwa ndugu zetu walioko Muscat. Mimi hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, na sasa watoto wanakisoma shuleni. Lakini sheria haimfanyi mtu apende lugha. Wengi wetu tumekua tukisikia neno umuswahili likitumika kwa maana ya mjanja wa mjini, mtu wa maneno mengi, usiyemwachia duka lako hata kidogo. Kijana wa Gisenyi anayekaa usiku akipima mizani ya Kiswahili kwa vidole vyake amevuka mpaka mrefu kuliko ule wa Goma. Anapotuma kazi yake, mkono unamtetemeka.

Kisha anangoja. Nawaomba mliowahi kutuma kazi yenu mkumbuke kungoja huko. Tiki mbili zimekuwa za bluu. Watu arobaini wamesoma, hamsini wamesoma. Mmoja ameweka alama ya kidole gumba. Mwingine ameweka mikono inayopiga makofi. Watatu wameandika "hongera" na mmoja "kazi nzuri, endelea". Kisha mtu anatuma tangazo la kiwanja kinachouzwa, na shairi linapanda juu, linapanda, linatoweka kwenye kioo.

Wazee wetu hawakuliruhusu jambo hilo litokee. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa jioni kutegeana vitendawili? Mwenye kitendawili hakianzi hivihivi. Anasema, "Sakwe sakwe!" na hawezi kuendelea mpaka waliokaa naye wajibu, "Soma!" Wakinyamaza, kitendawili hakuna. Pwani nako ni vivyo hivyo: "Kitendawili!" "Tega!" Na hadithi: "Paukwa!" "Pakawa!" Msikilizaji anafungua mlango kwanza, ndipo msimuliaji aingie. Nami nimekua nikizisikia lugha zote mbili nyumbani, na sijaacha kushangaa kwamba neno letu la kuitikia kitendawili, soma, ndilo neno ambalo Mswahili humwambia mtoto aliyeshika kitabu. Kwa Kinyarwanda gusoma ni kusoma, ni kuonja kinywaji, na ni kubusu. Sijui ni lugha gani nyingine inayomwagiza msomaji mambo matatu kama hayo kwa pumzi moja.

Niwape kisa changu mwenyewe, kwa kuwa ndicho ninachokijua kwa karibu.

Mnaukumbuka usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Mlima Nyiragongo ulipasuka, anga la upande wa Goma likawa jekundu, na watu wakaanza kuvuka kuja kwetu usiku uleule kwa maelfu, wenye magodoro kichwani, wenye wazee mgongoni. Moto wa mlima ulisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, haukufika katikati ya mji. Lakini ardhi haikutulia. Siku zilizofuata ilitetemeka usiku na mchana, nyumba za hapa Gisenyi zikafanya nyufa, na tarehe 27 sehemu ya Goma ikaambiwa ihame tena. Wiki hiyo niliandika mashairi, kama walivyoandika wengi. Ubeti wangu mmoja ulikuwa huu:

Mlima wawaka moto, ziwa nalo latulia,
Mama kabeba watoto, mpaka akimbilia,
Nasikia wake wito, jirani anililia,
Nauliza neno zito, nani amfungulia?

Niliutuma kwenye kundi letu usiku. Nilijiona nimesema kitu. Asubuhi nikakuta makofi na hongera, kama nilivyotaja, nami nikaona ni halali yangu.

Siku ya tatu akanijibu mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa pili. Hakunisifu wala hakunikosoa mizani. Aliniuliza: "Wewe usiku ule uliliangalia ziwa?" Akaniambia kwamba wao walioko Goma walikuwa wanaliogopa ziwa kuliko mlima. Na kweli, chini ya maji haya mazuri tunayoyaogelea Jumapili imelala gesi, methani na kaboni dayoksaidi, nyingi mno, na watu walikuwa wakiulizana kwa kunong'ona itakuwaje ule moto ukipenya hadi chini ya ziwa. Ziwa lililotulia lilikuwa ndilo tisho lenyewe. Mimi nililiweka litulie kwa sababu nilitaka kina cha -lia. Nilikuwa nimeandika neno la kweli bila kujua ukweli wake, na msomaji mmoja akanionyesha nilichokiandika. Shairi langu tangu siku hiyo si lile tena, ingawa sikubadilisha hata silabi.

Jioni yake likaja jibu la pili, nalo ndilo lililonifanya niyaseme haya leo. Lilitoka kwa mama mmoja wa Goma ambaye alikuwa hajawahi kuandika chochote kwenye kundi. Tulidhani ni msomaji tu. Alileta ubeti kwa vina vyangu:

Nimepata lako zito, keti kwanza, na tulia,
Sikubeba tu batoto, chungu nalishikilia,
Maharage yana joto, kwako nikapakulia,
Uliyeitika wito, ndiwe wanifungulia.

Nisome tena ule mstari wa tatu, polepole: maharage yana joto, kwako nikapakulia.

Mimi katika ubeti wangu nilimwona mama anakimbia na watoto, analia, anagonga. Nilimwonea huruma. Nilijipa mimi kazi ya kufungua mlango, yeye nikamwachia ya kulia. Yeye akanijibu kwamba alikuja na chakula. Kilikuwa kimekwisha kuiva jikoni mlima ulipopasuka, hakukiacha, alikibeba hadi Gisenyi kikiwa na joto, na katika nyumba iliyompokea ni yeye aliyepakua. Mwenyeji alikula chakula cha mkimbizi. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, na nisingelifikiria kwa miaka kumi, kwa sababu halikutoka katika kipaji cha mtu. Lilitoka mikononi mwake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kabla sijapata la kumwambia, mwenzetu mmoja, mtu mwenye kukipenda Kiswahili na mwenye kukijua, akaandika maneno matano: "Si batoto, mama, ni watoto." Basi. Wawili wakaunga mkono. Mmoja akaongeza kwamba Kiswahili cha Kongo kinaharibu lugha. Na mimi, nawaambieni kwa masikitiko, sikusema kitu. Nilikuwa nimesoma, tiki zangu zilikuwa za bluu kama za wengine. Mama yule alikaa kimya karibu mwaka mzima.

Nimelifikiria sana lile neno "batoto". Kwanza hesabu mizani: si-ku-be-ba tu ba-to-to, nane. Weka watoto, ni nane vilevile. Kina hakikuguswa. Kwa sheria za ushairi hakuna kosa. Kilichoguswa ni ngeli ya Kiswahili sanifu, na Kiswahili sanifu kina umri wake: kilichaguliwa Kiunguja kuwa msingi katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Muyaka bin Haji, ambaye hakuna anayethubutu kumwondoa kwenye orodha ya washairi wakubwa wa lugha hii, alikufa yapata mwaka 1840 akiwa ametunga kwa Kimvita, lahaja ambayo njia ni ndia na macho ni mato. Hatumsahihishi Muyaka. Tunaeleza maana ya neno pembeni na kuendelea kumsoma kwa heshima. Kwa nini heshima hiyo aipate marehemu wa Mombasa na aikose mama aliye hai wa Goma?

Halafu tuangalie wale sambaza niliowataja mwanzoni. Si samaki wa asili wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo ndio wanaolisha miji hii miwili. Kule Kigoma ni jamii ya dagaa. Hapa wana jina lao, wana namna yao ya kuvuliwa na wimbo wao. Kiswahili nacho kilitufikia kwa njia za misafara na za askari, kikatoka Ujiji kikavuka Tanganyika, kikazaliana katika maji yetu. Kina ladha ya maji yetu. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani lazima ajue sanifu, nami ningekuwa mwalimu wake nisingemhurumia. Lakini mama anayekimbia usiku wa moto anasema batoto. Angeandika watoto pale, nisingemwamini sana.

Naona nimekaa sana kwenye neno moja. Lakini wanaokatwa ulimi hukatwa kwa neno moja tu, kwa hiyo nisamehewe.

Kujibizana kwa mashairi ndiyo nyumba yenyewe ya ushairi wa Kiswahili, na wanaodhani kumezaliwa na simu wanajinyima utamu mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Vita vya Kuduhu, watu wa Mombasa na Pate kwa upande mmoja na wa Lamu kwa upande mwingine walipigana kwa mapanga na bunduki, na huku wakitumiana mashairi. Muyaka alikuwamo, na upande wa Lamu alikuwamo Bwana Zahidi Mngumi. Shairi lilivuka bahari kwenye jahazi, likasomwa, likajibiwa kwa vina vyake, jibu likarudi. Adui alilazimika kukusoma vizuri kabla ya kukupiga, maana huwezi kujibu kwa vina vya mtu usiyemsikiliza. Nadhani hiyo ni adabu ambayo wengi wetu tunaopendana hatuna.

Na tusisahau kwamba Muyaka tunaye kwa sababu ya wasikilizaji. Hakuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya akisaidiana na mmisionari William Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, miaka mia baada ya mtunzi kuzikwa. Ukiisoma utakutana na mashairi ambayo ni majibu, na swali lake halimo. Ni kama kumsikia mtu akizungumza kwenye simu chumba cha pili: unasikia kicheko, unasikia hasira, hujui aliambiwa nini.

Baadaye ukaja wakati wa magazeti. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, mara moja kwa mwezi, na wasomaji wakalijaza mashairi. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwao kabla hajawa Shaaban Robert tunayemjua. Mtu angeweza kufumba fumbo akiwa Tanga na kufumbuliwa na mtu wa Tabora ambaye hawajawahi kuonana wala hawataonana. Walisubiri mwezi, walisubiri miwili. Na wengi wa watunzi wa zama hizo hawakuwa wa pwani. Mathias Mnyampala, baba wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ufukoni mwa Tanganyika, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho hadi leo anayebishana kuhusu mizani anabishana nacho, ajue asijue. Nawatajia hawa kwa ajili ya vijana wangu wa hapa kwetu, wa Mbugangari na Kanama, wanaodhani kwamba ushairi wa Kiswahili una wenyewe, nao wenyewe wako mbali baharini.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, cha Lamu. Mwaka 1975 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge, na pande mbili zikapiga kampeni kwa mashairi yaliyorekodiwa kwenye kanda za kaseti. Kanda inatoka leo, watu wanakusanyika barazani kuisikiliza, kesho inatoka kanda ya kuijibu. Mmoja wa watunzi wakubwa wa mashairi hayo, yanayojulikana kama Kimondo, ni Ustadh Mahmoud Mau, ambaye alikuwa mwokaji mikate na baadaye imamu. Mtu anakanda unga alfajiri, huku anapanga vina, na mji mzima unangoja jibu lake. Sijui kama kuna cheo kikubwa kuliko hicho kwa mwandishi, kungojewa na mji.

Kuna rafiki yangu ambaye haafiki ninayosema. Yeye husema mwandishi wa kweli haandiki ili ajibiwe, na humtaja Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi chake cha "Kenya: Twendapi?", akawa anatunga gerezani na kuandika kwenye karatasi za chooni. Nani angemjibu mle? Kweli. Lakini karatasi zile hazikubaki seli. Zilitolewa kwa siri, zikafika kwa watu, na mwaka 1973 zikawa "Sauti ya Dhiki". Mkono uliozificha na kuzitoa nje ulijua unabeba nini. Mimi nahesabu kwamba huyo alijibu.

Sasa niseme jambo gumu kidogo. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, wakati wa Kwibuka, tunapokumbuka mauaji ya kimbari, sauti ya kundi letu hubadilika. Watu huleta maandishi ambayo hawayaleti miezi mingine. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alileta hadithi ya kurasa mbili, hadithi ya kitasa cha mlango wa nyumba ya bibi yake, kitasa tu, rangi yake, sauti yake, jinsi mikono ya watu wa nyumba ile ilivyokuwa imekichakaza upande mmoja. Hakutaja kilichowapata. Hakuhitaji. Ilikuwa saa nne usiku. Nilijua tunasoma mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeandika. Hatukuwa wakatili, tuliogopa. Mtu unasema nini? Ukisema hongera, hongera ya nini? Ukisema umekosea alama ya mkato, Mungu akusamehe. Tukanyamaza, na kila mmoja akadhani kimya chake ni heshima, lakini kule upande wa pili kijana alikuwa ameshika simu.

Yapata saa sita akaandika mzee mmoja ambaye kwa kawaida hutuma hadithi za sungura. Aliandika: "Nimesoma mara mbili. Kitasa cha kwetu kilikuwa cha mbao. Bado niko macho ukitaka kuongea." Waliongea mpaka karibu na alfajiri, wawili wao, mbele yetu sote, juu ya vitasa na milango, na mabawaba, na fundi seremala mmoja wa zamani ambaye kumbe wote wawili walimfahamu. Asubuhi yake niliposoma yote hayo, nilitoka nje nikasimama uani kwa muda.

Nimetafuta kueleza mzee yule alifanya nini, nami ninachokiona ni kwamba alileta kitasa chake. Mwalimu wa Goma alileta ziwa lake. Mama alileta maharage yake. Hakuna aliyesema kazi ni nzuri au mbaya. Kila mmoja alisoma mpaka akafika mahali ambapo kilichoandikwa kiligusa kitu alichokuwa nacho nyumbani, akakichukua, akaja nacho.

Basi mimi nifanye nini na yule mama niliyemnyamazia? Nilimwandikia. Nilichelewa miezi kumi na moja, lakini nilimwandikia, si pembeni, palepale kundini, mahali alipoaibishwa. Nikaunakili ubeti wake wote, na batoto yake. Nikasema nimeusoma mara nyingi kuliko wangu. Nikamwomba radhi kwa kimya changu. Halafu nikaona kwamba kuomba radhi peke yake ni kumrudishia yeye kazi ya kunisamehe, nikaongeza swali, kwa sababu kweli nilitaka kujua: Mama, chungu kile kiko wapi?

Alikaa siku mbili. Kisha akajibu, kwa sauti, sio kwa maandishi. Aliniambia alikuwa amefunga duka na mikono ina vumbi la mkaa. Akaniambia kwanza hakikuwa chungu. Ilikuwa sufuria, kubwa, ya kupikia sherehe, ila sufuria ina silabi nne na mstari ulikataa. Alipokuwa anarudi Goma aliiacha katika nyumba ile ya Mbugangari iliyowalaza, kwa sababu asubuhi ile walikuwa bado wanapikia ndani yake, na hakuona vizuri kuwamwagia watu uji wao. Alisema ataifuata. Amevuka mara nyingi baada ya hapo kuja sokoni, amepita hata mbele ya mlango ule, wamesalimiana, wamekaa, wameandaliwa chai, na sufuria ameiona palepale jikoni, nyeusi kuliko alivyoiacha. Hajaichukua.

Nikamuuliza na kifuniko chake je, maana ubeti haukukitaja.

Akacheka. Akasema usiku ule kifuniko alikiacha juu ya meza kwa haraka, na bado anacho Goma.